Uvimbe wa Nyuma ya Goti au Damu Iliyoganda Mguuni: Mwongozo wa Kupima kwa Altrasaundi

Shavu la mguu linapovimba ghafla, likakaza, likauma na ngozi yake ikapata joto, yapo magonjwa mawili ambayo hufanana mno kwa macho na hata kwa mkono wa daktari mzoefu, ilhali tiba ya mmoja huweza kumdhuru mwenye mwingine. Wa kwanza ni kuganda kwa damu katika vena za ndani, yaani mishipa iliyozama kati ya misuli ambayo hurudisha damu moyoni. Wa pili ni uvimbe wa Baker, yaani kifuko kilichojaa ute wa goti ambacho hujitokeza nyuma ya goti, na ambacho kikitanuka sana au kikipasuka huleta maumivu na uvimbe hadi kwenye kifundo cha mguu.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa mgonjwa, kwa ndugu anayemsindikiza, na kwa mhudumu wa zahanati anayeandika rufaa, ili kila mmoja ajue kipimo kipi kiombwe, kifanyweje na majibu yake yaelewekeje. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo husahaulika zaidi: kukiona kifuko nyuma ya goti si ushahidi kwamba damu haijaganda, kwani mguu mmoja huweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa nini magonjwa haya hufanana

Ndani ya goti mna ute unaolainisha mifupa isisuguane. Gegedu la goti likilika, hali ambayo wengi huiita goti kusagika, au mtu akiugua baridi yabisi, au ikichanika meniska, yaani kimojawapo cha vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vilivyo kati ya paja na muundi, goti hutoa ute mwingi kupita kiasi. Ute huo hutafuta njia nyuma ya goti, upande wa ndani, katika upenyo mwembamba ulio kati ya kano ya msuli wa nyuma ya paja uitwao semimembranosi na kichwa cha ndani cha gastroknemia, ambao ndio msuli mkubwa wa shavu la mguu. Kwa kuwa upenyo huo huruhusu ute kutoka kwenye goti kwa urahisi kuliko unavyouruhusu kurudi, kifuko huendelea kujaa. Daktari Robert Adams wa Dublin alieleza uvimbe wa namna hii mwaka 1840, lakini jina lililobaki ni la William Morrant Baker, mpasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew's ya London, aliyeuandika kwa kina mwaka 1877.

Kifuko kikipasuka, ute humwagika na kushuka kati ya misuli ya shavu, ukaichokoza misuli hiyo na ngozi iliyo juu yake. Ndani ya muda mfupi shavu huvimba, huuma likiguswa, na huuma zaidi unyayo unapokunjwa kuelekea juu, dalili ambayo zamani ilihesabiwa kuwa alama ya damu iliyoganda na ambayo sasa inajulikana kuwa haitofautishi chochote. Katika ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa, kwa hiyo ni heri kutazama kung'aa kwa ngozi na kupima joto lake kwa mgongo wa kiganja, mguu mmoja ukilinganishwa na mwingine.

Ipo pia hali ya tatu, ambayo ndiyo huwapotosha wengi. Kifuko kikubwa huweza kuibana vena ipitayo nyuma ya goti, na kwa kubanwa huko mguu huvimba bila bonge lolote la damu, au damu hutuama kwa muda mrefu hadi ikaganda kweli.

Dalili zinazoelekeza, lakini hazitoshi kuamua

Historia ya goti bovu, uvimbe nyuma ya goti uliokuwapo kwa miezi kadhaa kisha ukatoweka siku ileile shavu lilipovimba, hisia ya kitu kupasuka au maji kutiririka ndani ya mguu, na damu kuvilia chini ya kifundo cha ndani siku chache baadaye, yote haya huelekeza kwenye kifuko kilichopasuka. Uvimbe ambao huwa mgumu goti likinyoshwa na kulegea goti likikunjwa nao huelekea huko.

Kwa upande wa pili, upasuaji wa karibuni, kulazwa siku nyingi, mguu kufungwa plasta, saratani, ujauzito na majuma yanayofuata kujifungua, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, safari ndefu ya kukaa bila kunyosha miguu, na historia ya kuganda kwa damu, yote huongeza uwezekano wa bonge la damu. Hata hivyo mwenye goti bovu hutembea kidogo, na anayetembea kidogo hujiweka karibu na hatari ya damu kuganda. Kwa sababu hiyo dalili hutumika kupanga haraka ya kipimo, wala hazitumiki kukiacha.

Gharama ya kukosea

Bonge la damu likichukuliwa kuwa ni kifuko tu, mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, na kipande cha bonge huweza kukatika, kikapanda hadi kwenye mapafu na kuua. Kifuko kilichopasuka kikichukuliwa kuwa ni bonge, mgonjwa hupewa heparini, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na dawa hizo huweza kusababisha damu kuvuja kati ya misuli iliyokwisha kujeruhiwa. Shinikizo la damu hiyo likizidi, misuli na neva za mguu hukosa damu na kuanza kufa.

Pamoja na hayo, msomaji asitoe humo hoja ya kukataa dawa. Pale ambapo shaka ya bonge ni kubwa na kipimo kimechelewa, daktari huweza kuanzisha dawa ya kuzuia kuganda wakati kipimo kinasubiriwa, na uamuzi huo ni wa haki. Kinachotakiwa ni kipimo kisisahauliwe baada ya dawa kuanza.

> KISANDUKU: HALI ZISIZONGOJA MIADI
>
> Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, akiwa na mojawapo ya haya:
>
> - kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua yanayozidi akivuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai;
> - shavu la mguu kuwa gumu kama ubao, maumivu makali yasiyolingana na uvimbe, vidole kufa ganzi au kushindwa kuvikunja;
> - mguu kuwa baridi na kupauka;
> - homa pamoja na goti lililovimba na lisiloweza kukunjwa, kwani huenda mna usaha ndani yake.

Kabla ya kwenda kupimwa

1. Mgonjwa aandike siku na saa uvimbe ulipoanza, na kama ulianzia nyuma ya goti, katikati ya shavu au kwenye paja.

2. Apime mzunguko wa miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele ya muundi, chini kidogo ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni mojawapo ya alama ambazo madaktari huzihesabu wanapokadiria uwezekano wa bonge. Tofauti iliyo ndogo kuliko hiyo haiondoi hatari.

3. Aorodheshe dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba, aspirini na vidonge vya uzazi, na aseme wazi kama ana mimba au amejifungua karibuni.

4. Aeleze habari za goti lenyewe hata asipoulizwa, yaani kama limewahi kuumia, kuvimba, kuchomwa sindano au kutolewa maji. Mgonjwa anayekuja kwa ajili ya shavu la mguu mara nyingi halitaji goti, na mpimaji asipojua habari zake hana sababu ya kulichunguza.

5. Fomu ya kipimo iombe mambo mawili kwa maneno yaliyo wazi: uchunguzi wa vena za ndani za mguu kuanzia kinena, na uchunguzi wa nyuma ya goti pamoja na misuli ya shavu. Fomu inayosema tu "bonge la damu?" huzaa jibu la "hakuna bonge", na chanzo cha maumivu hubaki hakijulikani.

Wakati wote huo shavu lisikandwe, lisichuliwe kwa mafuta wala kufungwa bandeji ya kubana sana, kwa kuwa kukanda mguu wenye bonge huweza kulimegua, na kukanda kifuko kilichopasuka huongeza kuvuja.

Kwa nini altrasaundi ndiyo itangulie

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, haina mionzi, haihitaji sindano, ni salama kwa mjamzito, na ndicho kipimo kinachoweza kujibu maswali yote mawili katika kikao kimoja. Eksirei huonyesha mifupa iliyosagika na chembe za mfupa zilizomo ndani ya goti, lakini haionyeshi bonge la damu, na kifuko chenyewe haikionyeshi sawasawa.

Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, ambacho hupima mabaki yanayotokana na kuyeyuka kwa damu iliyoganda, kina faida moja kubwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kikiwa chini kwa mtu ambaye dalili zake hazielekezi sana kwenye bonge, huweza kumwondolea ulazima wa kutafutiwa bonge hilo. Kikiwa juu hakithibitishi kitu, kwa sababu hupanda pia katika ujauzito, maambukizi, saratani, baada ya upasuaji, na hata kifuko cha goti kinapopasuka. Anayeambiwa kwamba ana bonge la damu kwa sababu tu kipimo hicho kiko juu ana haki ya kuuliza majibu ya altrasaundi yako wapi.

Jinsi kipimo kinavyopaswa kufanyika

Msomaji si lazima awe mtaalamu, lakini akijua hatua hizi ataweza kutambua kipimo kilichokamilika na kilichokatizwa njiani.

*Hatua ya 1: vena za paja.* Mgonjwa hulala chali, paja likiwa limegeuzwa kidogo nje. Mpimaji hupaka jeli, huanzia kinenani, na kuishuka vena ya paja hatua kwa hatua, kila sentimita mbili hivi, akiitazama kwa mkato wa kukingama na kuibonyeza kwa kifaa alichoshika.

Kubonyeza huku ndiko kiini cha kipimo. Vena yenye afya hubonyea hadi kuta zake zikagusana na tundu lake likatoweka kwenye kioo, huku ateri iliyo jirani, yenye ukuta mnene na shinikizo kubwa, ikibaki wazi. Vena yenye bonge haifungi. Kutazama peke yake hakutoshi, kwa sababu bonge bichi la siku moja au mbili huweza kuwa jeusi kwenye kioo sawasawa na damu inayotembea, na mpimaji asiyebonyeza huliona tundu jeusi, safi, akaandika kwamba vena ni nzima.

*Hatua ya 2: vena ya nyuma ya goti.* Goti hukunjwa kidogo, au mgonjwa huketi ukingoni mwa kitanda mguu ukining'inia, ili vena ijae damu na ionekane vizuri. Hutazamwa na kubonyezwa hadi pale inapogawanyika kuelekea kwenye shavu. Kinena na nyuma ya goti ndizo sehemu mbili ambazo hata kipimo cha dharura hakipaswi kuziacha.

*Hatua ya 3: mwendo wa damu.* Kwa kutumia Dopla, yaani sehemu ya mashine inayoonyesha damu inayotembea kwa rangi na kwa sauti, mpimaji huangalia kama damu hupanda na kupungua kwa kufuata pumzi. Mwendo ulio bapa, usiobadilika na pumzi, huashiria kizuizi kilicho juu zaidi, ndani ya nyonga, mahali ambapo kubonyeza hakufiki. Kwa mjamzito hatua hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mabonge ya ujauzito hupenda kukaa huko juu, hasa upande wa kushoto.

*Hatua ya 4: kukitafuta kifuko.* Mgonjwa hulala kifudifudi, goti likiwa limenyooka. Uvimbe wa Baker huonekana kama dimbwi jeusi lenye kingo laini, na nyuma yake huwa na mng'ao kwa kuwa sauti hupita kwenye maji kwa urahisi. Weusi huo pekee haumtoshi mpimaji makini, naye huutafuta mlango, yaani shingo nyembamba ya maji inayopita kati ya kano ya semimembranosi na kichwa cha ndani cha gastroknemia. Shingo hiyo ikionekana, jina la uvimbe limethibitika. Isipoonekana, uvimbe ubaki bila jina hadi upimwe kwa njia nyingine.

*Hatua ya 5: kuufuata ute hadi unapoishia.* Kifuko kizima huwa na ncha ya chini ya mviringo. Kilichopasuka huwa na ncha iliyochongoka, na chini yake huonekana maji yaliyotandaa kati ya misuli ya shavu na chini ya ngozi. Mpimaji asipoteremka zaidi ya goti huweza kukikosa kabisa, kwa sababu kifuko kilichokwisha kumwagika huweza kuwa kimenywea hadi kisibaki ila shingo.

Kuna mtego katika hatua hii unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Kifuko kirefu kilichoteremka shavuni, kikitazamwa kwa mkato mmoja tu wa kukingama, ni duara lisilo na damu inayotembea, na kikiwa kimejaa sana hakibonyei, sifa ambazo ni zilezile za vena iliyoziba. Dopla haisaidii hapo, kwa maana pande zote mbili hakuna mwendo. Njia ya kujinasua ni kukifuata kitu hicho juu na chini: vena huungana na vena nyingine na huandamana na ateri yake katikati ya mguu, ilhali kifuko hukaa upande wa ndani, hakina matawi, na huishia kwenye ile shingo inayoingia gotini.

Kuyaelewa majibu

Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kabla hajaondoka. Maswali haya yatosha:

- Je, vena zilibonyezwa kutoka kinena hadi chini ya goti, na zote zilifunga?
- Je, vena za shavu nazo zilitazamwa, au kipimo kiliishia kwenye goti?
- Je, nyuma ya goti pana kifuko, na shingo yake ilionekana?
- Je, kifuko ni kizima au kimepasuka, na kinaibana vena?
- Je, uvimbe ulipimwa kwa Dopla na kuonekana hauna damu ndani?

Jibu la swali la pili likiwa kwamba kipimo kiliishia kwenye goti, na bado daktari ana shaka, kipimo hurudiwa baada ya takribani wiki moja, kwa sababu bonge dogo lililo shavuni huweza kupanda juu katika muda huo. Kurudiwa kwa kipimo si dalili ya uzembe, na miadi hiyo isipuuzwe hata kama maumivu yamepungua.

Swali la mwisho halikuwekwa kwa kujaza nafasi. Ateri ya nyuma ya goti huweza kutanuka na kuwa uvimbe unaodunda, na anayeuchoma sindano akidhani anatoa maji hukutana na damu ya ateri. Uvimbe wenye nyama ndani yake, wenye mishipa yake yenyewe ya damu, huenda ni saratani ya tishu laini. Nyingine kati ya saratani hizo huonekana karibu kama maji kwenye altrasaundi. Kwa hiyo uvimbe wowote wa nyuma ya goti usichomwe sindano wala kukatwa kabla ya Dopla kutumika na majibu kuandikwa.

MRI iombwe lini

MRI, mashine inayotumia sumaku yenye nguvu kuchora picha za ndani ya mwili bila mionzi, ni ghali na katika nchi zetu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Si kipimo cha kuanzia. Huhitajika pale shingo ya kifuko isipoonekana, pale uvimbe ukiwa na nyama ndani, au pale daktari wa mifupa anapotaka kujua kilichoharibika gotini kabla ya kupanga upasuaji. Mwenye betri ya moyo au vipande vya chuma mwilini aseme kabla ya kuingia kwenye chumba cha mashine.

Makosa yanayojirudia

La kwanza, ambalo ndilo baya zaidi, ni mpimaji kukiona kifuko, kuridhika, na kuacha kubonyeza vena. La pili ni kinyume chake, mgonjwa kuambiwa "huna bonge" na kurudi nyumbani na mguu uleule uliovimba bila mtu kulitazama goti. La tatu ni kumwanzishia mgonjwa dawa za kuzuia kuganda na kumwachia azitumie kwa miezi bila kipimo chochote cha picha. La nne, katika ukanda wa pwani ambako matende yamekuwapo vizazi kwa vizazi, ni kila mguu uliovimba kuhesabiwa kuwa ni matende; matende huongezeka polepole kwa miezi na miaka, na mguu uliovimba kwa siku mbili haustahili jina hilo kabla haujapimwa.

Baada ya majibu kutoka

*Ikiwa ni bonge la damu*, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia kuganda, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi mitatu, na haziachi kwa sababu uvimbe umeshuka. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu zikichanganywa nazo, hivyo zisinunuliwe dukani bila daktari kujua.

*Ikiwa ni kifuko tu*, kizima au kilichopasuka, kupumzika, kuinua mguu juu ya mto na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwatosha wengi. Daktari huweza kutoa ute kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi na kuweka dawa ya steroidi, lakini goti lisipotibiwa kifuko hujaa tena, kwa kuwa chemchemi ya ute haijafungwa. Kwa watoto, ambao kifuko chao mara nyingi hakiungani na goti, uangalizi hutosha, na wengi hupona bila kuguswa.

*Ikiwa ni vyote viwili*, bonge hutibiwa kwanza, na mgonjwa pamoja na ndugu zake waonywe juu ya ugumu wa shavu na ganzi ya vidole vilivyotajwa kwenye kisanduku, kwa kuwa huyu ndiye aliye katika hatari ya kuvuja damu ndani ya misuli.

Picha na ripoti ya kwanza zitunzwe pamoja na kadi ya kliniki na zichukuliwe kila mgonjwa anapokwenda kupimwa tena. Bonge likipona huweza kuacha ukuta wa vena ukiwa mnene na usiobonyea sawasawa, na mguu ukivimba tena mwaka unaofuata, mpimaji asiye na picha ya zamani hawezi kujua kwa hakika kama anachokiona ni kovu au ni bonge jipya.